Krimu ya madoa inayong'arisha uso kwa wiki moja ndiyo ya kuiogopa

"Krimu nzuri kazi yake huonekana ndani ya wiki." Kauli hii utaisikia Darajani, utaisikia Chake Chake, na utaisikia mlangoni mwa kliniki kutoka kwa mtu ambaye uso wake tayari umeungua. Ndiyo inayoharibu nyuso nyingi, kwa hiyo ndiyo ya kumalizana nayo kwanza.

Doa lililoachwa na chunusi, au baka la mashavuni lililokuja na ujauzito, ni melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, iliyozidi ndani yake. Tabaka la juu huchukua kama wiki 4 kujibadilisha, na umri ukisonga huchukua zaidi. Melanini iliyokwisha kushuka tabaka la chini hukaa miezi mingi. Ndiyo maana dawa ya kweli, inayopunguza utengenezaji wa rangi, kwa kawaida haionekani vizuri kabla ya wiki 8 hadi 12. Kinachong'arisha uso kwa siku 5 ni kitu kingine, na mara nyingi ni steroidi kali kama klobetasoli ya asilimia 0.05. Steroidi hubana mishipa midogo ya damu na kushusha uvimbe. Ngozi hupauka, na mwenye uso huona madoa yanakwenda zake.

Baada ya muda ngozi ya uso, ambayo kwa asili ni nyembamba, hukonda zaidi. Mishipa huanza kuonekana, vipele hutoka kwa wingi, vinyweleo huota mashavuni, na kwa anayejipaka mwili mzima michirizi hutokea mapajani na makwapani. Akiacha, uso huwasha na kuvimba, kisha madoa hurudi meusi kuliko mwanzo. Anarudi kwenye ile tyubu, uso unatulia, naye anasema ngozi yake imeizoea krimu hiyo tu. Haijaizoea. Imeshakuwa mtumwa wake.

Basi soma tyubu kabla ya kulipa. Ukiona clobetasol, betamethasone au fluocinonide, hizo ni dawa za maradhi kama pumu ya ngozi, za kuandikiwa na daktari, hata kama zimepangwa dukani pamoja na wanja na rangi za mdomo. Mkorogo wa kwenye kikopo kisicho na maandishi ni mbaya zaidi, maana huna hata cha kusoma. Na krimu inayoonya isigusane na dhahabu wala fedha, irudishe hapo hapo: hiyo ni dalili ya zebaki. Zebaki hupenya ngozi, hudhuru figo na neva, na hubaki kwenye taulo na foronya anayolalia mtoto. Mkataba wa Minamata wa 2013 ulitaka vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 katika milioni vikomeshwe ifikapo 2020, lakini krimu hizo bado zinasafirishwa na kuuzwa.

Aliyepaka steroidi kwa miezi asiitupe siku moja. Aende kliniki ya ngozi ashushwe taratibu, kwa kuhamishiwa dawa dhaifu zaidi na kuongezewa siku za kupumzika kati ya mpako na mpako. Wakati huo apake vaselini isiyo na manukato, basi.

Haidrokwinoni, dawa ya kupunguza rangi ya ngozi, nayo ina watu wa pande mbili: wanaoiita sumu tupu, na wanaoipaka mpaka doa liishe hata ikiwa miaka mitatu. Wote wamekosea. Kwa usimamizi wa daktari, ya asilimia 2 hadi 4 hupakwa usiku, juu ya doa tu, kwa miezi 3 au 4, kisha hupumzishwa. Ikipakwa miaka, hasa ile ya mkorogo isiyojulikana nguvu yake, huleta okronosisi: weusi wenye ubuluu kwenye mifupa ya mashavu, ambao hakuna krimu inayoutoa.

"Ngozi nyeusi haihitaji kinga ya jua." Kupaka dawa ya madoa bila kinga ya jua ni kuteka maji kwa pakacha. Melanini hukupunguzia kuungua, lakini ngozi yetu hujibu mwanga kwa kuongeza rangi palepale penye doa, na hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huchochea mabaka. Visiwa hivi vya Unguja na Pemba viko nyuzi 5 hadi 6 tu kusini ya ikweta. Mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani hupigwa na jua kutoka juu, na tena kutoka kwenye maji na mchanga. Chukua krimu ya kinga ya jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi, mistari miwili ya urefu wa vidole kwa uso na shingo, dakika 15 kabla ya kutoka, na urudie kila saa 2 ukiwa nje. Yenye rangi ya kahawia ni bora kwa mabaka, kwani oksidi ya chuma iliyomo huzuia mwanga huo wa kawaida, na haikuachi na uso wa unga. Ushungi uvutwe mbele. Pesa zikitosha tyubu moja tu, nunua ya kinga ya jua, ya madoa ingoje.

"Vya asili havidhuru." Ndimu ikipakwa kisha ukatoka juani huunguza ngozi na kuacha doa jipya. Liwa hutuliza na kunukia, lakini doa haitoi. Singo, ule mchanganyiko wa kusugulia mwili, yenye karafuu nyingi, au dodoki la kusugua kwa nguvu, huchubua. Na kwa ngozi yetu kila mchubuko ni doa linalokuja.

Vidoti vyeusi vilivyoinuka kama punje havitoki kwa krimu yoyote, huondolewa kliniki. Madoadoa ya mtu mwenye ualbino ni alama ya jua kudhuru ngozi: anahitaji kinga na kupimwa ngozi mara kwa mara, asipewe krimu ya kung'arisha.

Cha kupaka kwenye madoa ni krimu ya asidi ya azelaiki ya asilimia 20 usiku, kiasi cha punje ya mbaazi kwa uso mzima, usiku mmoja ndiyo mmoja siyo kwa wiki 2 za mwanzo. Ikichoma kidogo ni kawaida, ikivimbisha, acha. Tretinoini, krimu nyingine ya madoa, ni ya kuandikiwa na daktari, na mjamzito haitumii kabisa. Piga picha kwenye dirisha lile lile siku ya kwanza, wiki ya 8 na ya 12, kwani kioo cha kila asubuhi hakionyeshi mabadiliko.

Na doa jeusi la unyayoni au chini ya ukucha, linalokua au kubadilika rangi, lisipakwe chochote. Mwonyeshe daktari wiki hiyo hiyo.