Picha ya nyuklia na amiloidi ya moyo: inatabiri nini, na inaishia wapi?

Amiloidi ya moyo ni ugonjwa gani?

Ni protini iliyojikunja vibaya, ikaganda na kujipachika katikati ya nyuzi za misuli ya moyo. Kuta zinanenepa na kukakamaa, kwa hiyo moyo haulegei vizuri kupokea damu. Aina kubwa ni mbili. ATTR inatokana na transthairetini, protini inayotengenezwa na ini. AL inatokana na minyororo myepesi ya kingamwili, inayomwagwa na seli mbovu za uboho wa mifupa. Matibabu yake hayafanani hata kidogo, na AL isiyotibiwa inaweza kuua ndani ya miezi.

Baba yetu ana miaka 72, na presha ni ya siku nyingi. Eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, imeonesha ukuta wa moyo una milimita 15. Si presha tu hiyo?

Huenda ikawa presha, maana ndiyo inayonenepesha mioyo ya wazee wengi hapa Dodoma. Ndiyo maana amiloidi hupita bila kuonekana. Muulizeni mzee mambo haya: aliwahi kufa ganzi viganja vyote viwili, hata akafanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono? Msuli wa mkono uliwahi kukatika wenyewe? Presha iliyokuwa juu sasa imeshuka hata bila vidonge, na familia ikashukuru kwamba imepona? Kisha daktari aiweke ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kando ya eko. Moyo ulionenepa kwa presha kwa kawaida hutoa mawimbi marefu. Ukuta ukiwa mnene lakini mawimbi ni mafupi, amiloidi itafutwe.

Picha yenyewe inapigwaje?

Mgonjwa halazimiki kufunga kula. Anachomwa kwenye mshipa pairofosfeti iliyofungwa na teknetiamu-99m, elementi yenye mionzi, kwa kawaida megabekereli (kizio cha mionzi) 370 hadi 740. Dawa hii ni ya kupigia picha mifupa, ila hunasa pia kwenye moyo wenye ATTR. Anasubiri saa moja au, bora zaidi, saa tatu, anakunywa maji na kukojoa, kisha analala chali chini ya kamera ya gamma bila kujitikisa.

Usomaji una hatua mbili. Kwanza mwanga wa moyo kwenye picha unalinganishwa na wa mbavu: daraja 0 hakuna kitu, 1 moyo umefifia kuliko mbavu, 2 umelingana nazo, 3 umezizidi. Pili, mtaalamu anachora duara juu ya moyo, na jingine la ukubwa uleule upande wa kulia wa kifua, kisha anagawanya hesabu ya mionzi ya moyo kwa ya upande wa kulia. Tuseme moyo umetoa wastani wa 84 na upande wa kulia 50: uwiano ni 1.68. Picha ya saa moja huhesabiwa chanya kuanzia 1.5, ya saa tatu, kuanzia 1.3.

Kosa linaingia wapi?

Kosa kubwa ni kuona dawa iliyo bado ndani ya damu ya moyo, ukadhani imenasa ukutani. Hutokea picha ikipigwa mapema, au figo na moyo vikiwa dhaifu. Picha bapa haiwezi kutenganisha hayo mawili. Lazima ipigwe SPECT, picha ya pande tatu ambayo kamera inauzunguka mwili. Ripoti isiyotaja SPECT irudishwe. Duara likigusa mfupa wa kidari, uwiano unapanda kwa uongo. Mshtuko wa moyo wa karibuni nao unaweza kunasa dawa.

Na kuna hatari nyingine: AL pia inaweza kuwaka kwenye picha hii. Kwa hiyo minyororo myepesi kwenye damu, pamoja na imunofiksesheni (kipimo cha kutafuta kingamwili zisizo za kawaida) ya damu na mkojo, vipimwe kabla ya picha au sambamba nayo. Msikubali jibu la "ni ATTR" kabla majibu hayo hayajatoka.

Je, picha inaweza kusema mzee ataishi muda gani?

Kwa sehemu tu. Utafiti wa vituo kadhaa vya Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba wagonjwa wa ATTR wenye uwiano wa 1.6 na zaidi waliishi muda mfupi kuliko wenzao. Lakini wataalamu wa London walipolinganisha madaraja ya mwanga, daraja 3 halikuwa na maisha mafupi kuliko daraja 2. Moyo unaowaka sana usiwavunje moyo.

Kinachotabiri vizuri zaidi ni damu na figo. Katika mfumo wa London wa mwaka 2018, hatari ni mbili: NT-proBNP, protini ya damu inayopanda moyo ukielemewa, zaidi ya nanogramu 3,000 kwa lita, na uchujaji wa figo (eGFR) chini ya mililita 45 kwa dakika. Aliyekosa zote mbili, nusu ya wagonjwa wa kundi lake walifikisha miezi 69. Mwenye moja, miezi 47. Mwenye zote mbili, miezi 24. Takwimu hizo ni za kabla ya dawa kama tafamidisi kuenea, dawa inayoimarisha transthairetini isivunjike na kupunguza vifo.

Tufanye nini tukiwa Dodoma?

Eko, ECG na damu anzeni hapa hapa. Hospitali ya Benjamin Mkapa ina huduma za moyo. Kwa tiba ya nyuklia, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ina kamera ya gamma. Kabla ya kukata tiketi ya treni ya SGR, daktari apige simu aulize mambo matatu: pairofosfeti ipo siku hiyo? SPECT itapigwa? Nani atasoma? Teknetiamu hupungua kwa nusu kila saa 6, na jenereta, yaani chombo cha hospitalini kinachoitoa, huisha nguvu ndani ya wiki moja au mbili, kwa hiyo tarehe ya miadi ina uzito.

Mionzi haitawadhuru wajukuu?

Kipimo ni kama milisivati 3, karibu na mionzi ya asili ya mwaka mmoja. Mzee anaweza kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Asimpakate mtoto mchanga wala kukaa karibu na mjamzito kwa muda mrefu hadi kesho yake, na akipanda ndege abebe barua ya hospitali, maana vigunduzi vya mionzi vinaweza kulia.