Mpira asilia na mpira sanisi: kila aina na kazi yake

Kitaalamu, mpira ni maada yoyote inayovutika sana bila kukatika, kisha ikaachiwa na kurudi katika umbo lake. Tabia hiyo inatokana na molekuli zake, ambazo ni minyororo mirefu mno iliyojikunjakunja. Ukivuta, minyororo inanyooka. Ukiachia, inajikunja tena. Maada nyingi sana zinatimiza sharti hilo, na ndiyo maana ni hatari kudhani kwamba mpira ni mpira tu. Kipande cha tairi, sili ya injini na ukanda unaozunguka kioo cha gari vyote ni vyeusi na vyote vinabonyea. Hata hivyo vimetokana na kemikali tofauti, na kimoja kikiwekwa mahali pa kingine kinaharibika mapema.

Mpira asilia ni zao la utomvu mweupe wa mti wa Hevea brasiliensis, ambao kwao ni bonde la Amazon. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alisafirisha mbegu zipatazo 70,000 kutoka Brazil hadi bustani ya Kew, London, na miche iliyoota ikapelekwa Asia. Leo Thailand na Indonesia ndizo zinazoongoza kwa uzalishaji. Brazil yenyewe imebaki nyuma sana, kwa sababu kuna ugonjwa wa majani unaoteketeza mti huu ukipandwa kwa wingi pamoja. Kwetu Tanzania upo katika mashamba ya Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, mkoani Morogoro. Unguja nako unalimwa. Wagemaji hukata gome kwa mshazari alfajiri, wakati utomvu unatiririka vizuri, na kuukinga kwa kikombe. Karibu theluthi moja ya utomvu huo ni mpira, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Hutiwa asidi ili ugande, ukashindiliwa kuwa mashuka membamba na kukaushwa.

Mti huo si chanzo pekee cha mpira asilia. Katika Kongo ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kati ya 1885 na 1908, mpira ulitoka kwenye mitambaazi ya msituni, na wanakijiji walilazimishwa kuutafuta kwa vitisho, kwa kuteka wake zao na hata kwa kukatwa mikono. Haifai kueleza biashara ya zao hili na kuliruka jambo hilo.

Mpira mbichi hauna kazi kubwa kiwandani: jua likiwaka unanata, baridi ikija unakakamaa. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukichanganywa na salfa na kupashwa moto unatulia. Salfa inaunganisha minyororo ya molekuli kama mishono inavyoshika vitambaa viwili, kwa hiyo haiteleziani tena ovyo. Karibu matairi yote duniani bado hupitia hatua hiyo.

Mpira sanisi hutengenezwa kiwandani, hasa kutokana na mafuta ya petroli. Wajerumani walikuwa wameshauanza kabla ya Vita Kuu ya Pili, lakini msukumo mkubwa ulikuja mwaka 1942, Japani ilipoteka Malaya na visiwa vya Indonesia na kuwakatia Wamarekani sehemu kubwa ya mpira waliokuwa wakiutegemea. Serikali ya Marekani ikajenga viwanda kwa haraka, vikizalisha mchanganyiko wa kemikali mbili, butadieni na stireni. Aina hiyo, inayofahamika kwa herufi SBR, hadi leo ndiyo inayotumika sana katika matairi ya magari madogo, kwani haiishi haraka kwa kusuguana na barabara.

Lakini mpira asilia haukuondoka. Unastahimili kuchanika na haupati joto jingi unapokunjwa na kukunjuliwa mfululizo, ndiyo maana matairi ya ndege na ya malori makubwa huwa na sehemu kubwa ya mpira huo. Udhaifu wake ni mafuta. Kondomu ya mpira asilia ikipakwa mafuta ya mgando hudhoofika kwa muda mfupi tu na inaweza kupasuka. Jua na hewa ya ozoni navyo huupasua nyufa nyufa.

Pale penye mafuta ya petroli hutumika mpira sanisi uitwao naitrili: sili za injini, mabomba ya dizeli, glovu za mafundi na za wauguzi wanaodhurika na mpira asilia. Aina nyingine, butili, hupitisha hewa kidogo mno, hivyo hufaa kwa tyubu na kwa utando wa ndani wa matairi yasiyo na tyubu. Silikoni huvumilia joto la tanuri na haidhuru mwili kwa urahisi. EPDM, nayo aina ya mpira sanisi, hustahimili jua, mvua na maji ya moto. Utaikuta kwenye kingo za madirisha, mabomba ya rejeta na vikombe vya breki, yaani vipande vya mpira vinavyozuia mafuta ya breki yasivuje.

Hapo kwenye breki pana jambo ambalo kila dereva angepaswa kulijua. Mafuta ya breki yaliyozoeleka hayatokani na petroli. Ni ya jamii ya glaikoli, na EPDM inaelewana nayo vizuri. Mtu akiongezea oili ya injini kwenye kikopo cha breki, EPDM inaifyonza, inavimba na kulainika, na breki zinaweza kukataa. Ukitumia naitrili pale inakuwa kinyume: inavumilia oili lakini mafuta ya breki yanaivimbisha.

Baridi nayo ina waathirika wake. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga Challenger kiliangamia na watu 7 baada ya pete ya mpira kwenye roketi yake kushindwa kuziba. Pete ile ilikuwa ya aina bora inayohimili moto, lakini asubuhi hiyo ilikuwa baridi mno na mpira ulikuwa umepoteza wepesi wa kurudi katika umbo lake.

Kwa hiyo unaponunua pete, sili au bomba dukani, kipimo cha upana hakitoshi. Mweleze muuzaji kitakachopita ndani yake ni maji, dizeli, oili au mafuta ya breki, na kama mahali penyewe pana joto kali au jua la mchana kutwa.