Mvinyo mkavu usiopitia pipa: maana yake, kwa mfano wa Muscadet

Kinywaji kinawezaje kuwa kikavu? Swali hilo nimeulizwa mezani zaidi ya mara moja, na muulizaji huwa ameshika glasi iliyojaa. Kiswahili chenyewe kinalijibu nusu. Tukisema chai kavu, hakuna anayedhani kikombe hakina kitu. Ni chai iliyokuja peke yake, bila kitafunwa. Mvinyo mkavu nao umekuja bila kitu kimoja: sukari.

Imekwenda wapi? Aliyekulia pwani anajua. Tembo la mnazi likishushwa asubuhi ni tembo tamu, na jioni limeshakuwa tembo kali. Hakuna aliyeuchota utamu ule. Hamira ya asili imeula, ikaacha kileo na gesi. Juisi ya zabibu hufuata njia hiyo hiyo. Ikiachwa ichachuke mpaka hamira imalize karibu sukari yote, mvinyo unakuwa mkavu. Uchachukaji ukikatizwa njiani, sukari inabaki na mvinyo unakuwa mtamu. Sheria za Umoja wa Ulaya huruhusu neno "mkavu" kwa mvinyo wenye sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, au hadi 9 pale uchachu wake unapokuwa mkubwa wa kutosha kuifunika sukari hiyo. Soda ya kawaida ina gramu 100 hivi kwa lita. Ndiyo maana aliyezoea soda, au divai tamu ya kanisani, akionja mvinyo mkavu kwa mara ya kwanza hukunja uso na kuuliza kama chupa imeharibika.

Haijaharibika. Shida ni kwamba tunaweka hisia tatu tofauti ndani ya neno moja, ilhali lugha yetu imeshazitenga. Ukavu ni kukosa sukari, basi. Uchachu ni ule wa ndimu, unaofanya mate yajae mdomoni. Mvinyo unaweza kuwa mtamu na mchachu kwa pamoja, kama embe lisiloiva sawasawa. Ukakasi ni ule unaokaza ulimi baada ya kula bibo, na kwenye mvinyo hutoka zaidi kwenye maganda na mbegu za zabibu. Mvinyo mweupe kwa kawaida hukamuliwa na maganda kuwekwa kando kabla juisi haijachachuka, kwa hiyo ukakasi wake ni mdogo. Anayesema "huu mkavu, umenikausha mdomo" mara nyingi anazungumzia ukakasi wa mvinyo mwekundu. Harufu nayo hudanganya: mvinyo unaweza kunukia tunda lililoiva na usiwe na sukari ya kuonjeka. Ziba pua, onja, halafu uachie pua. Kilichotoweka ulipoziba ni harufu. Kilichobaki ulimini ndicho cha kuhukumia.

Sasa pipa. Wakalenjin wakitengeneza mursik, kibuyu husuguliwa ndani kwa makaa ya miti maalumu, na maziwa hutoka na ladha ya moshi ambayo ng'ombe hakuitoa. Chombo kimeongea. Pipa la mwaloni hufanya hivyo kwa mvinyo. Fundi hulichoma kwa ndani wakati wa kulitengeneza, na mvinyo ukilala humo miezi kadhaa hutoka na vanila, karafuu, mkate uliochomwa, pengine hata nazi. Mbao pia hupitisha hewa kidogo kidogo, na hewa hiyo huulainisha mvinyo. Pipa kuukuu limekwisha kutoa ladha zake na huongea kwa sauti ya chini. Jipya ndilo lenye kelele. Mvinyo usiopitia pipa umewekwa kwenye tangi la chuma kisichoshika kutu, au la zege, vyombo ambavyo havina ladha ya kumgawia mtu.

Mfano ninaoupenda ni Muscadet, kutoka magharibi ya Ufaransa, kuzunguka mji wa Nantes, pale mto Loire unapokaribia kumwaga maji yake Atlantiki. Jina linawapoteza wengi. Hauna undugu na Muscat, zabibu yenye harufu kali ambayo mara nyingi hutoa mvinyo mtamu. Zabibu yake ni Melon de Bourgogne, na hilo nalo si tikiti. Asili yake ni Burgundy, mashariki ya Ufaransa, ndugu wa tumbo moja na Chardonnay, zabibu nyeupe maarufu: zote mbili ni watoto wa zabibu za kale, Pinot na Gouais Blanc. Ilishamiri Nantes baada ya baridi kuu ya mwaka 1709 iliyoua mizabibu kwa wingi nchini Ufaransa, kwa kuwa ilistahimili baridi hiyo kuliko nyingine. Wafanyabiashara wa Kiholanzi walikuwa tayari wananunua mvinyo mweupe wa eneo hilo ili waukeneke kuwa pombe kali, kwa hiyo soko halikutafutwa mbali.

Zabibu hii, kusema kweli, ni ya kimya. Haina manukato ya kujivunia. Mtu angetarajia wakulima waisaidie kwa pipa, lakini wao wakageukia mashapo. Hamira ikishamaliza sukari hufa na kutuama chini ya tangi. Kwingineko mvinyo huhamishwa mapema ukaachana na takataka hiyo. Nantes huuacha ukae juu yake majira yote ya baridi, kwenye matangi ambayo mengi yamechimbiwa chini ya sakafu, kisha hutiwa kwenye chupa moja kwa moja kutoka humo, kuanzia mwezi Machi. Chupa ya namna hiyo huandikwa "sur lie", yaani juu ya mashapo. Mvinyo unapata unene kidogo, harufu ya mbali ya unga wa mkate, na kigesi chembamba kinachochoma ncha ya ulimi. Sehemu kubwa ya mazao hutoka eneo la Sèvre-et-Maine, lililopewa jina la mito yake miwili na kutambuliwa kisheria mwaka 1936.

Kwenye chupa za Ufaransa, neno la kutafuta ni "sec", kavu. "Demi-sec" na "moelleux" zina sukari. Muscadet wenyewe hauna haja ya kulitaja neno hilo, maana haujulikani kwa utamu, lakini panda Loire hadi Vouvray utakuta zabibu moja, Chenin Blanc, ikitoa mvinyo mkavu, wa kati na mtamu, na hapo usiposoma unaweza kujuta. (Chenin hiyo hiyo hulimwa Dodoma.) Kuhusu pipa, ukiona "fûts de chêne" jua mwaloni umehusika. Kutopita pipani hakuandikwi mara nyingi. Inabidi uijue sehemu ulikotoka.

Kuunywa ni rahisi ukishaacha kuutafutia utamu. Uchachu wake ufanye kazi ya ndimu kwenye sahani. Wenyeji wa Nantes huunywa na chaza wabichi na kome. Kwetu ningeuweka kando ya pweza wa kuchoma, kamba wa kitunguu saumu, au changu aliyekaangwa mpaka mapezi yakalia kama bisi, kwa sababu uchachu hukata mafuta. Kileo chake huwa asilimia 12 hivi, kwa hiyo pilipili haigeuki moto kama inavyogeuka na mvinyo mzito. Samaki wa kupaka ningemuacha; tui zito humeza mvinyo mwembamba kama huu. Joto linalofaa ni nyuzi 8 hadi 10. Ukitoka tu kwenye jokofu la nyumbani unakuwa umeganda harufu, basi utoe, uache robo saa, ndipo umimine.

Wapo wanaodhani mvinyo usio na pipa ni wa kunywewa mwaka huo huo na kusahaulika. Kwa chupa nyingi ndivyo ilivyo, na sioni ubaya. Lakini mwaka 2011 vijiji vya Clisson, Gorges na Le Pallet viliruhusiwa kuweka majina yao kwenye Muscadet, na Clisson na Gorges hulazimika kuulaza juu ya mashapo angalau miezi 24. Unatoka mnene, wenye harufu ya asali na moshi kidogo, na mtu akikupa bila kukuonyesha chupa utaapa kwamba umepita kwenye mwaloni.