Je, wajua? Shambulio la kushtukiza baharini linaanzia kwenye meli ya mafuta

Ukicheza gemu za mkakati za vita vya Pasifiki, zile za ramani kubwa na visiwa vidogo vidogo, unasogeza meli zamu kwa zamu, swali linakuja mapema tu: hivi nitamfikiaje adui bila yeye kunisubiri? Mimi miaka yote jibu langu lilikuwa siri. Zima redio, pita usiku, jifiche kwenye hali mbaya ya hewa, basi. Nilikuwa nakosea, tena sana.

Kuna siku nilikuwa upande wa Japani, nikapeleka meli nne za kubeba ndege na destroya (meli ndogo za kivita zenye kasi) za kuzisindikiza, spidi ya mwisho mwanzo mwisho maana niliona kukawia njiani ndio kuonekana. Kweli sikuonekana. Ila nilipobakiza maili kama mia tatu, mafuta ya destroya yakawa kwenye nyekundu, zamu iliyofuata mbili zikasimama katikati ya bahari, na kuziacha siwezi kwa sababu ndizo zinazozuia nyambizi zisimalize zile kubwa. Siri ilikuwepo, shambulio hakuna.

Wengi tunasoma shambulio la Pearl Harbor, kambi ya meli za kivita za Marekani huko Hawaii, hivyo hivyo, kwamba Wajapani walinyamaza vizuri halafu Wamarekani wakawa wamelala. Kunyamaza walinyamaza, hilo halikatai mtu. Lakini tarehe 27 Novemba 1941 Washington ilishawatumia makamanda wa Pasifiki onyo la vita, kwa hiyo kwamba vita inakuja ilijulikana, wao waliitegemea ianzie Ufilipino, Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo), pande zile. Na asubuhi yenyewe ya Desemba 7 rada ya Opana, kaskazini mwa Oahu, kisiwa chenye Pearl Harbor, iliziona ndege zikija, walioiona wakaambiwa wasihangaike kwa sababu kulikuwa na ndege zao wenyewe zinatarajiwa kutoka Marekani. Yaani adui alikuwa na onyo, na akaona kwenye rada, na bado akashtukizwa! Kwa sababu mtu anaweka ulinzi pale anapoamini unaweza kufika, na Pasifiki ya kaskazini wakati wa baridi, kundi zima la meli sita za kubeba ndege, wengi wao hawakuipa uzito.

Hapo ndipo mafuta yanapoingia. Ingia baharini maji yakufike kiunoni halafu tembea taratibu, utaenda mbali tu. Sasa jaribu kukimbia umbali ule ule. Maji yanakusukuma kifuani, mapaja yanawaka, hatua kumi umechoka, na ulichoongeza kwenye mwendo ni kidogo sana. Meli nayo iko hivyo, kadiri inavyoharakisha ndivyo maji yanavyoigomea zaidi. Kwa makadirio ya jumla ukizidisha spidi mara mbili, mafuta kwa saa yanakaribia mara nane, na hata ukihesabu kwamba utafika kwa nusu ya muda, safari ile ile imekula kama mara nne (inategemea umbo la meli, mawimbi na injini, kwa hiyo usiichukue kama sheria kavu, na gemu nyingine zinarahisisha hesabu hii).

Ndio maana kikosi kile cha Wajapani kilipotoka ghuba ya Hitokappu, kwenye visiwa vya Kuril kaskazini mwa Japani, tarehe 26 Novemba kilitembea polepole, kama maili 14 za baharini kwa saa, kikifuatana na meli za mafuta (tanka), mipira ya kupitishia mafuta ikivutwa kutoka meli hadi meli huku bahari ya baridi inazitupa huku na huku. Tatu kati ya zile meli za kubeba ndege, Akagi, Soryu na Hiryu, hazikuwa na masafa ya kutosha, zikapakiwa mapipa ya mafuta ya ziada. Mbio zilianza mwishoni kabisa, tanka zikiwa zimeshaachwa nyuma.

Mfano mwingine ulitufikia hadi Mombasa. Mwisho wa Machi 1942 Waingereza walikuwa na taarifa kwamba Wajapani wanakuja Ceylon (Sri Lanka ya leo), admirali wao Somerville akawavizia kusini ya kisiwa siku kadhaa, hawakuja, meli zikahitaji mafuta na maji, akarudi Addu, visiwa vya Maldivi. Ndio kwanza amefika, Wajapani wakaonekana, na Aprili 5 Colombo ikapigwa, yeye yuko maili mia sita huko. Siri ilishavuja, na bado aliyekuwa mahali sahihi ni yule mwenye mafuta. Baadaye sehemu ya meli zake ikarudishwa Kilindini, na Waingereza waliokuwa wakinasa redio za Kijapani wakaweka kazi yao kwenye shule ya Allidina Visram.

Sasa hivi nikipanga shambulio naanza na tanka. Natafuta kipande cha bahari ambacho hakuna ndege ya doria inafika, naipeleka tanka hapo zamu tatu kabla, kisha narudi nyuma kuhesabu meli za kivita ziondoke lini na kwa spidi gani. Redio naizima mwishoni.