Kokoto za reli sio za kujengea nyumba

Leo naomba niongee na nyie mnaoishi karibu na reli, hasa huku Reli ya Kati, maana mvua zikikaribia sisi wa matengenezo ya njia tunalala sikio moja liko nje.

Watu wengi wanamjua dereva wa treni, wanamjua na mkata tiketi, ila yule mtu unayemuona alfajiri anatembea juu ya mataruma (yale mabao au vyuma vinavyolazwa kukingama chini ya reli), spana ndefu begani, nyundo mkononi na bendera kwapani, wanadhani anapita njia tu kama wengine. Yule yuko kazini jamani. Kila genge, yaani kikosi cha matengenezo, lina kipande chake cha njia na kwenye genge kuna mtu kazi yake ni kukitembea chote kwa mguu, anaangalia nati moja moja, iliyolegea anaikaza hapo hapo, inayomshinda anamwambia nyapara. Toka Dar mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,250 na karibu yote imekaguliwa hivyo, kwa miguu na kwa kiberenge, kile kigari kidogo cha relini, tangu Wajerumani waifikishe ziwani mwaka 1914.

Ukimfuata nyapara mzoefu utajifunza kitu. Anapiga magoti, anainama mpaka shavu linakaribia kugusa chuma, anafumba jicho moja anaitazama reli kwa urefu wake, palipozama hata milimita chache anapaona. Halafu anaangalia kokoto pembeni ya taruma, zikiwa zimepakaa vumbi jeupe kama unga basi anajua hilo taruma linacheza, yaani kila treni ikipita linapanda na kushuka na kusaga mawe yaliyo chini yake. Ukikuta linatema matope ujue maji yamekwama chini. Hapo ndo genge zima linakuja na jeki na mitaimbo, wananyanyua reli, wanashindilia kokoto chini ya taruma mpaka likae, wanapima upana kati ya reli mbili kwa geji kama bado ni milimita 1,000. Ni kazi ya jasho sana na inarudiwa, maana njia ukiiacha miezi michache tu inaanza kuharibika tena.

Sasa hizo kokoto ndo nataka tuelewane. Zile sio za urembo, wala hazikumwagwa pale kama za ziada. Zimevunjwa makusudi ziwe na kona kali ili zishikane zenyewe kwa zenyewe, ndo zinazobeba uzito wa treni na kuusambaza kwenye tuta, zinapitisha maji ya mvua, na zinalibana taruma lisisogee. Mtu anakuja na toroli usiku anajaza za pembeni akamwagie msingi wa nyumba, anasema mbona za chini nimeziacha. Ndugu yangu, za pembeni ndo zinazozuia reli isikimbie! Chuma kikipata joto kinarefuka, kipande cha mita 12 kikiongezeka joto nyuzi 30 kinarefuka kama milimita 4, na jua la Dodoma saa nane mchana unalijua mwenyewe, ile reli huwezi kuishika kwa mkono. Ikikosa nafasi ya kurefukia na pembeni hakuna mawe ya kuibana, inasukuma mataruma na kupinda kama nyoka, na treni iko njiani inakuja.

Kitu cha pili ni maji, na hiki ndo kinanitisha kuliko vyote. Waulizeni watu wa Kilosa na Gulwe, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yalibeba tuta na treni zikasimama kwa miezi. Maji yakishakula udongo chini, reli haikatiki, inabaki inaning'inia hewani na mataruma yake kama kamba ya kuanikia nguo. Dereva akiwa mbali anaona reli mbili zimenyooka vizuri kabisa, haoni kwamba chini hakuna kitu, na treni yenye mzigo haisimami ghafla kama bajaji, inaweza kuhitaji kilomita nzima. Kwa hiyo kalavati unalolijaza taka au mtaro uliolima mchicha ndani yake, mvua ikinyesha maji yanatafuta njia nyingine, na njia yenyewe ni tuta letu.

Ukikuta reli imepinda au inaning'inia hivyo kimbia stesheni ya karibu, au mpigie mwenyekiti wa kijiji awapate polisi na watu wa reli. Nguzo ndogo za pembeni ya njia zina namba za kilomita, soma namba utaje, maana ukisema "karibu na mbuyu" tutatafuta mibuyu mpaka asubuhi. Kama treni inasikika tayari, kimbia kuelekea inakotokea, kaa pembeni usisimame katikati, pungia kitu chekundu kwa nguvu, kama huna nyoosha mikono yote miwili juu, usiku pungia tochi au simu. Chochote kinachopungwa kwa nguvu dereva anatakiwa akichukulie kama amri ya kusimama, na hakuna atakayekugombeza hata kama ulikosea.

Kwa SGR, ile reli mpya ya treni za umeme, sitasema mengi, imezungushiwa uzio na waya wa juu una volti 25,000, usiingie kabisa hata kama umeona hatari, ripoti ukiwa nje.

Na ukikutana na wale vijana wa genge juani wanaomba maji, wape. Unakuta wametoka kambini saa kumi na moja na kile kidumu walichobeba kimeisha saa nne.