Kutalii kwa baiskeli kwenye njia za reli ya zamani: maana yake

Mkazi wa vitongoji vya Chicago akikwambia kwamba Jumamosi alipiga kilomita 80 kwa baiskeli na magari aliyaona kwenye vivuko tu, usidhani alikwenda porini. Alipita nyuma ya maduka, kando ya viwanja vya shule na chini ya nyaya za umeme, katikati ya maelfu ya nyumba za watu. Alikuwa juu ya tuta la reli iliyokufa. Vyuma na mataruma viling'olewa zamani, tuta likabaki, likasawazishwa, likaachiwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli.

Njia ya aina hiyo ni tawi la kitu kipana zaidi, ushoroba wa kijani, yaani ukanda mwembamba wa ardhi ya wazi unaopenya mjini bila kujengwa. Ushoroba waweza kufuata mto, mfereji wa zamani wa mashua au mstari wa nguzo kubwa za umeme. Ukifuata reli iliyoachwa, unapata njia ya reli ya zamani. Na kutalii hapa hakumaanishi mashindano wala safari ya kwenda kazini. Ni kusafiri kwa baiskeli kwa ajili ya safari yenyewe, kutwa nzima au wiki nzima, mzigo kidogo nyuma, unasimama unapotaka.

Kinachofanya jambo hili liwezekane ni mwendelezo. Lami nzuri ya kilomita mbili ndani ya bustani ni mahali pa kumfundishia mtoto baiskeli, si pa kutalii. Watanzania wanaijua hifadhi ya reli, yaani ukanda wa ardhi uliotengewa reli, kwa ile alama ya X inayopigwa kwenye kuta za nyumba zilizoingia ndani yake. Mkanda kama huo ndio mali yenyewe. Leo, mamlaka ya kitongoji ikitaka kununua ukanda wa kilomita 100 katikati ya nyumba, ingelazimika kubishana na mwenye kiwanja mmoja baada ya mwingine, na mmoja tu akikataa njia inakatika. Kampuni za reli zilikusanya ardhi hiyo wakati bado ni mashamba ya mahindi. Kazi ngumu ilikwisha kabla ya mtu yeyote kufikiria baiskeli.

Zawadi ya pili ni usawa wa njia. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza upesi, kwa hiyo wahandisi wa reli waliogopa mlima kuliko umbali. Walikata vilima, wakajaza mabonde, wakachimba mahandaki, na kwa kawaida hawakuruhusu njia ipande zaidi ya mita mbili kwa kila mita mia. Mtu wa miaka sabini mwenye baiskeli ya kawaida hupanda mwinuko huo bila kushuka. Huko Wisconsin, njia ya Elroy hadi Sparta, ambayo ni ya miaka ya 1960 na miongoni mwa za mwanzo kabisa Marekani, ina urefu wa kilomita 51 na inapita ndani ya mahandaki matatu. Refu kuliko yote linazidi kilomita moja. Humo ndani ni giza na maji yanadondoka, unashuka na kukokota baiskeli huku umewasha tochi.

Lakini mfano unaoeleza dhana hii vizuri zaidi ni Illinois Prairie Path, magharibi ya Chicago. Mwaka 1902 treni za umeme zilianza kuwabeba watu kati ya miji ya bonde la mto Fox na Chicago, kwenye reli iliyokuja kuitwa Chicago Aurora and Elgin. Baada ya vita kuu ya pili serikali ikaamua kujenga barabara kuu ya magari kutoka katikati ya Chicago kuelekea magharibi, na ujenzi huo ukalihitaji eneo ambamo treni zilipita kuingia mjini. Kuanzia 1953 treni zikaishia Forest Park, kitongoji cha magharibi ya Chicago, abiria wakalazimika kushuka na kupanda treni nyingine. Wengi wakanunua magari. Tarehe 3 Julai 1957 kampuni ikapata ruhusa ya mahakama, na mchana huohuo ikasimamisha huduma ya abiria. Waliokwenda kazini asubuhi kwa treni hawakuwa na treni ya kuwarudisha nyumbani. Mizigo iliendelea kidogo hadi 1959.

Basi reli iliyouawa na barabara ya magari ndiyo ikawa mahali ambapo magari hayaingii. Sidhani kuna aliyepanga hivyo.

Aliyeona nafasi hiyo alikuwa May Theilgaard Watts, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akifundisha katika bustani ya miti ya Morton. Alikuwa ametembea kwenye vijia vya umma vya Uingereza, na mwaka 1963 aliandika barua kwa gazeti la Chicago Tribune: hapa tuna ukanda mrefu usio na kazi, tuufanye njia ya miguu kabla matingatinga hayajautafuna. Watu wa kujitolea wakajitokeza, mamlaka za kaunti zikaingia, na leo njia hiyo na matawi yake ina takriban kilomita 100. Neno "prairie" katika jina lake halikuwekwa kwa mapambo. Hizo ni mbuga za nyasi ndefu zilizowahi kufunika Illinois kabla ya jembe. Katika jimbo zima zimebaki vipande vidogo tu, na baadhi yake vimo kandokando ya reli, kwa sababu ardhi ya reli haikulimwa. Pale Elmhurst, kipande kimoja kinagusana na njia. Mwendesha baiskeli mwenye haraka hukipita akidhani ni magugu.

Sasa sheria, maana hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Mara nyingi kampuni ya reli haikuinunua ardhi moja kwa moja, bali ilipewa haki ya kupita. Treni zikikoma, haki hiyo ilikufa na ardhi kurudi kwa wenye mashamba ya jirani, kipande huyu, kipande yule. Mwendelezo ukifa umekufa. Mwaka 1983 Bunge la Marekani likaongeza kifungu kinachoruhusu ukanda uwekwe akiba: reli inang'olewa, njia ya baiskeli inajengwa, lakini kisheria ukanda haujaachwa, na treni zinaweza kurudi siku zikihitajika. Njia ya baiskeli basi ni mpangaji. Wenye ardhi walikasirika. Familia moja ya Vermont ilifika hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1990 ilisema sheria hiyo ni halali, ila mwenye ardhi aweza kuidai serikali fidia. Kwa maoni yangu mahakama ilitenda haki pande zote mbili, ingawa sishangai kwamba aliyedhani shamba lake limerudi hakufurahia kuona watu waliovaa kofia za plastiki wakipita nyuma ya jiko lake. Katy Trail ya Missouri, yenye kilomita 386 hivi, ilipatikana kwa sheria hiyo baada ya mafuriko ya 1986 kuiharibu reli.

Maneno "bila magari" yasikudanganye. Treni ilikuwa na haki ya kupita kwanza, gari likasubiri. Baiskeli haina ubabe huo. Kila njia inapokutana na mtaa utakuta vigingi na kibao kinachokuamuru wewe usimame, na ni hapo, si kwingine, unapoweza kugongwa na gari. Kwenye vitongoji vivuko ni vingi kiasi cha kukuvunjia mwendo. Barabara kubwa sana huvukwa kwa daraja. Na kwa msomaji aliyetoka Afrika Mashariki hivi karibuni: huko unakaa kulia, unapita wengine kwa kushoto, na unapiga kengele kabla hujawafikia. Wenye mbwa hasa.

Sehemu kubwa ya Illinois Prairie Path si lami bali mawe ya chokaa yaliyosagwa laini na kushindiliwa. Yakikauka ni matamu kupita. Mvua ikinyesha yanatoa tope jeupe linaloganda kwenye mnyororo na breki. Matairi membamba ya mbio hayafai, ila huhitaji baiskeli ya milimani, tairi ya milimita 35 inatosha kabisa. Nyama ya safari iko Wheaton, ambako njia hugawanyika: tawi moja kwenda Aurora, jingine Elgin, yote mawili yakiishia karibu na mto Fox. Kando ya mto kuna njia nyingine inayoyaunganisha, kwa hiyo unaweza kutoka Wheaton, kushuka Aurora, kupanda na mto hadi Elgin, kisha kurudi Wheaton. Ndiyo zile kilomita 80. Ukichoka njiani, pale Geneva, kando ya mto, kuna kituo cha Metra, treni za abiria za vitongoji vya Chicago, zinazopita Wheaton, na unaweza kupanda na baiskeli.

Anayetaka wiki nzima badala ya siku moja aende mashariki zaidi. Kutoka Pittsburgh hadi Cumberland kuna kilomita 240 hivi za reli ya zamani, na hapo inaanza njia ya ukingoni mwa mfereji wa zamani wa Chesapeake na Ohio, ambako nyumbu walikuwa wakivuta mashua, kilomita 297 nyingine hadi Washington. Watu hubeba mahema, au hulala kwenye miji midogo ambayo siku hizi inaishi kwa kuwauzia kifungua kinywa.