Salio la kubeti: pesa iko kwa nani?

Pale Manzese Tip Top, Dar es Salaam, kwenye kijiwe cha bodaboda, utamsikia mtu akisema, "Nina elfu arobaini ndani." Ndani wapi? Si mfukoni, si M-Pesa, si benki. Anamaanisha ile namba inayotokea juu ya skrini akifungua akaunti yake ya kubeti. Inaitwa salio. Neno hilohilo tunalitumia kwa vocha, kwa pesa ya simu na kwa benki, na mkanganyiko unaanzia hapo, kwa sababu masalio hayo hayafanani hata kidogo.

Salio lolote lile ni dai, yaani kuna mtu unamdai. Ukimpa wakala wa chini ya mwavuli noti ya elfu kumi, noti inaingia kwenye droo yake na hapo haitoki. Floti yake, yaani salio lake la kazi, imepungua elfu kumi, salio lako limeongezeka elfu kumi, na wewe sasa unaudai mtandao wa simu. Hakuna noti iliyopanda mnara. Ili dai hilo lisiwe maneno matupu, Kanuni za Fedha za Kielektroniki za mwaka 2015 zinautaka mtandao uweke benki, kwenye akaunti maalumu ya udhamini, fedha zinazolingana na masalio yote ya wateja. Fedha hizo huzaa riba. Kama uliwahi kupata ujumbe wa gawio kutoka Tigo Pesa, iliyoanza kugawa mwaka 2014, basi ulikula matunda ya akaunti hiyo bila kuijua.

Sasa unataka kuweka elfu tano kwenye akaunti ya kubeti. Kuna njia mbili. Ya kwanza, unabonyeza "weka pesa" kwenye tovuti, na simu yenyewe inaleta kidirisha kinachoomba namba ya siri. Ya pili ni ya menyu: lipa, namba ya kampuni, namba ya kumbukumbu, kiasi, namba ya siri. Zote zinafanya jambo moja. Daftari la mtandao linakupunguzia wewe elfu tano na kuiongezea kampuni ya kubeti. Kisha kampuni, kwa daftari lake yenyewe, inaandika kwamba fulani ana elfu tano. Mara nyingi katikati yao kuna kampuni ya tatu inayounganisha malipo, ambayo mchezaji haioni wala haijui jina.

Kwa hiyo ukishabonyeza namba ya siri, huudai tena mtandao. Unaidai kampuni ya michezo. Dai lako limehama kutoka kwenye mfumo wa malipo unaosimamiwa na Benki Kuu, likaenda kwenye hesabu za kampuni yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Shilingi ni zilezile elfu tano, lakini mlango wa kugonga ukipata tatizo si uleule. Na kama tovuti haina leseni hapa nchini, hata mlango wenyewe utautafuta.

Hapo pia ndipo unapoelewa kwa nini muamala "unakwama". Madaftari ni mawili au matatu, na yanawasiliana kwa ujumbe. Ujumbe ukipotea njiani, mtandao umeshakata na kampuni haina habari. Ukipiga simu mtandao wanakwambia pesa imefika, ukipiga kampuni wanakwambia haijafika, na kila mmoja anasoma kilicho kwenye daftari lake. Cha kushika ni ile namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa simu, zile herufi na tarakimu ambazo wengi wetu tunazifuta ili kupunguza meseji.

Mimi kosa langu lilikuwa la kijinga zaidi. Nilikuwa kwenye daladala ya Mbagala, nimebanwa mlangoni, nikakosea tarakimu moja ya namba ya kumbukumbu. Elfu tano yangu ikaingia kwa mtu mwingine kabisa. Nikaenda kwa wakala wangu nikijua atairudisha kama anavyorudisha pesa iliyotumwa namba isiyo yake. Akanitazama akacheka. "Kaka, hiyo hujamtumia mtu, umelipa kampuni. Mtandao hauna cha kushika." Na kweli. Pesa iliyotumwa kwa mtu inaweza kuzuiwa kabla hajaitoa, kwa sababu bado iko kwenye daftari la mtandao. Yangu ilikuwa imeshageuka salio la mgeni, naye, kwa jinsi nilivyoelezwa na kampuni, alikuwa ameshalitandikia mkeka, yaani ameshalibetia.

Bonasi nayo ni salio la aina yake, na kwa maoni yangu ndilo jina linalodanganya kuliko yote. Inakaa pembeni ya pesa yako, imeandikwa kwa shilingi, lakini huidai kampuni kitu mpaka utimize masharti ya kuizungusha. Chukua mfano: bonasi ya elfu kumi yenye sharti la kuzungushwa mara tano inataka ubeti jumla ya elfu hamsini kwanza. Mpaka hapo ni tarakimu tu.

Kutoa ni safari ileile kinyumenyume, ila ina vituo vingi zaidi. Kwanza kodi ya ushindi. Inakatwa na kampuni kabla pesa haijaondoka, kwa kiwango kilichopo kwenye sheria ya mwaka huo wa fedha, na kiwango hicho kimekuwa kikibadilika. Watu huulaumu mtandao wa simu kwa makato hayo, na hapa mtandao hauna kosa. Makato ya mtandao yanakuja baadaye, ukienda kwa wakala kuchukua noti, na hayo tunayajua vizuri mpaka tumeyatungia msemo: tuma na ya kutolea.

Kituo cha pili ni jina. Kampuni nyingi zinarudisha pesa kwenye namba ileile iliyoweka, au kwenye akaunti ya benki yenye jina lile lililosajiliwa. Siyo ukorofi. Mtu akiweza kuweka milioni mbili kwa laini moja, akabeti elfu moja, kisha akatoa zilizobaki kwa laini nyingine, amepata mashine ya kusafishia pesa: ya wizi inaingia, inatoka ikiitwa ushindi. Tanzania ina sheria dhidi ya utakasishaji wa fedha haramu tangu mwaka 2006, na waendesha michezo ya kubahatisha ni miongoni mwa wanaotakiwa kuripoti miamala ya kutia shaka kwa Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu.

Benki inaingia hasa kiasi kikiwa kikubwa. Uhamisho wa benki kwa benki una barabara mbili kuu hapa kwetu, zote za Benki Kuu. TISS, iliyoanza mwaka 2004, inahamisha kila muamala peke yake na ndiyo ya mizigo mizito. TIPS ni ya papo kwa hapo, na inaunganisha benki na mitandao ya simu. Kwa hiyo kampuni ikikwambia "subiri siku tatu", uliza pesa inasubiri nini. Mara nyingi barabara iko wazi, na aliyesimama ni karani wa kampuni anayehakiki kitambulisho chako.

Wanaocheza kwenye tovuti za nje hukutana na pochi kama Skrill na Neteller. Pochi hizo ni salio jingine tena, kwa dola au euro, na shilingi yako inabadilishwa ikienda na inabadilishwa tena ikirudi, kila mara ikipungua. Inafaa kujua kwamba serikali nyingi, zikishindwa kumkamata mchezaji, hukamata malipo. Marekani mwaka 2006 ilipiga marufuku kupokea malipo ya kamari haramu ya mtandaoni, na Januari 2007 waanzilishi wa Neteller wakakamatwa huko. Uingereza nayo, tangu Aprili 14, 2020, hairuhusu kamari kwa kadi ya mkopo. Wazo la Waingereza ni kwamba usibeti pesa ambayo si yako. Kwa Dar hilo lingekuwa gumu kulifuatilia, maana mkopo wa simu ukishaingia kwenye M-Pesa unakaa na mauzo ya chipsi na nauli ya abiria kwenye salio moja, na hauna alama yoyote.

Limebaki la laini. Vijana wengi wanabeti kwa laini ya shemeji au ya rafiki, kwa kuwa zao zina madeni. Tangu usajili wa alama za vidole ulioanza mwaka 2019, laini ni ya mwenye kitambulisho cha NIDA, na ushindi ukiingia unaingia kwake. Anayeudai mtandao ni yeye, hata kama mkeka uliutandika wewe. Na kinyume chake: laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako ikipitisha pesa ya ajabu, anayetafutwa kwanza ni wewe. Ukipiga *106# unaweza kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Nilipopiga mara ya kwanza zilitoka tatu. Mimi natumia mbili.